Kuunda na kupima kigunduzi cha muoni cha vioo na gesi jijini Nairobi

Kigunduzi kinachoelezwa hapa ni rundo la vioo saba vilivyotenganishwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, likafungiwa ndani ya gesi ya friji na kuwekewa takriban kilovolti 15. Muoni, yaani chembe ndogo yenye chaji inayozaliwa juu angani, ikishuka na kupenya rundo hilo, inang'oa elektroni chache katika gesi. Uga wa umeme unazizidisha elektroni hizo hadi mamilioni katika mwanya usiofika theluthi ya milimita, na ishara inatoka kabla nanosekunde chache hazijaisha. Kikiundwa vizuri, kinaweza kutaja wakati muoni ilipopita kwa usahihi wa pikosekunde 100 hivi. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri sentimita 3 tu.

Asili yake ni kazi ya Santonico na Cardarelli wa Roma, mwaka 1981: mabamba mawili yenye ukinzani mkubwa, mwanya mmoja, na usahihi wa karibu nanosekunde moja. Mwaka 1996 Crispin Williams na wenzake waliugawa mwanya huo kuwa mianya myembamba mingi. Elektroni zinazozaliwa katika mwanya mwembamba wenye uga mkali huanza kuongezeka papo hapo, kwa hiyo muda wa kutoka kwa ishara hautangitangi. Jaribio la ALICE pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, linatumia mianya 10 ya mikromita 250 na kufikia pikosekunde 50 hivi. Mradi wa EEE wa shule za Italia unatumia mianya 6 ya mikromita 300, na wanafunzi wenyewe ndio huvijenga vigunduzi hivyo. Muundo wetu unafuata huo wa shule, ila kwa ukubwa unaobebeka mezani: sentimita 20 kwa 20.

Vioo, mshipi na gesi ni bei ya chini na vinapatikana mjini. Usahihi hauletwi na fedha nyingi. Hupotea mahali patatu: mianya isiyolingana, presha ya hewa isiyopimwa, na kizingiti cha ishara (kiwango ambacho ishara lazima ikivuke ili ihesabiwe) kilichowekwa juu mno. Tutakaa zaidi hapo.

Presha ya Nairobi kwanza

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya hudhani uko karibu na usawa wa bahari, penye hektopaskali (hPa) 1013. Nairobi iko mita 1,600 hadi 1,800 juu, na presha halisi ni karibu hPa 830. Gesi ni nyepesi zaidi, elektroni hukimbia mbali zaidi kabla ya kugonga molekuli, na volteji inayofaa inashuka. Tumia hesabu hii:

V = V₀ × (P ÷ 1013) × (293 ÷ T)

V₀ ni volteji ya usawa wa bahari, P ni presha kwa hPa, na T ni jotoridi kwa kelvini. Kilovolti 18 za mwongozo wa Ulaya, kwa hPa 832 na nyuzi 22, zinakuwa kilovolti 14.7. Anayepandisha hadi 18 hapa anaunguza kigunduzi chake kwa cheche mfululizo.

Kuna mtego hapo. Presha inayoonyeshwa na simu au taarifa ya hali ya hewa mara nyingi imekwisha kurekebishwa kuwa ya usawa wa bahari, ndiyo maana utaona namba kama 1018 ukiwa Westlands. Ukiitumia, utakosea kwa zaidi ya asilimia 20. Nunua kipima BME280, kinachosoma presha halisi, jotoridi na unyevu, kiweke kando ya kisanduku, na uandike masomo yake kila dakika.

Karibu na ikweta presha ina mwendo wake wa kila siku: hufika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti ni hPa 3 hadi 4, sawa na volti 60 hivi katika kilovolti 15. Jotoridi ndilo adui mkubwa zaidi. Chumba chenye bati juu kinaweza kubadilika nyuzi 8 kati ya alfajiri na alasiri, na hizo ni volti 400. Chagua chumba cha ghorofa ya chini chenye dari.

Hewa nyepesi pia hupitisha cheche kwa urahisi. Kila umbali wa usalama kati ya sehemu yenye volteji na ardhi uongeze kwa robo.

Vya kununua

Vioo vya milimita 2 vinapatikana kwa mafundi wa fremu za picha. Agiza viwili vya sentimita 22 kwa 22 vya nje na vitano vya 20 kwa 20 vya ndani, pamoja na viwili vya akiba kwa kila ukubwa. EEE hutumia vioo vya ndani vya milimita 1.1, ambavyo ni vigumu kupata hapa. Kwa milimita 2 ishara hupungua kwa asilimia 18 hivi, na hilo linavumilika. Vya milimita 4 vya madirisha viache.

Mshipi uwe wa nailoni wa uzi mmoja, usiosukwa, wa milimita 0.30. Mshipi wa mita 100 unatosha vigunduzi kadhaa.

Akriliki ya kisanduku inakatwa kwa leza na watengenezaji wa mabango. Bodi za saketi za upande mmoja, waya, rezista na viunganishi viko Luthuli Avenue. Ukiwa hapo, angalia waya vizuri: waya mweupe au mweusi wa kamera za usalama, RG-59, ni wa omu 75, na unaotakiwa ni RG-58 au RG-174 wa omu 50. Ukichanganya, moja ya tano ya kila ishara inarudi nyuma na kugonga mara ya pili kilinganishi, yaani saketi inayotambua ishara inapovuka kizingiti. Chipu za kupima muda na moduli za volteji kubwa itabidi uziagize nje.

Gesi ni R134a, ile ya friji na AC za magari, inayouzwa kwa makopo na kwa mitungi ya kilo 13.6. Soma lebo. Makopo mengi ya magari yamechanganywa na mafuta ya kompresa, rangi ya kutafutia uvujaji au gundi ya kuziba, na yote hayo yataganda juu ya vioo na kuviharibu kabisa. Unataka gesi tupu. Ya bandia pia ipo sokoni, na njia rahisi ya kuigundua ni presha yake. Acha mtungi saa kadhaa katika chumba cha nyuzi 22, kisha ufunge geji. R134a halisi ina bar 6.1 kamili kwa jotoridi hilo. Geji hupima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo hapa Nairobi itasoma karibu 5.2 au 5.3. Ikisoma mbali na hapo, usiinunue.

Vioo na rangi ya grafiti

Mwambie fundi akate kwa gurudumu jipya na asiache meno kwenye kingo. Sugua kingo kwa msasa wa maji namba 600 hadi zisikwaruze kucha. Punje ya kioo iliyodondoka ndani ya mwanya wa mikromita 300 ni chanzo cha cheche kisichokoma, na kuitoa kunahitaji kubomoa rundo zima.

Paka grafiti, itakayobeba volteji, kabla ya usafi wa mwisho. Changanya unga laini wa grafiti na vanishi ya akriliki, ukianza na sehemu moja ya grafiti kwa tatu za vanishi kwa uzito. Funika kingo kwa selotepu ili ubaki mraba wa sentimita 18 katikati ya upande mmoja wa kila kioo cha nje. Piga rangi kwa bunduki ya hewa au rola ya sponji, makoti mawili mepesi. Subiri siku nzima ikauke, maana ukinzani hubadilika sana inapokauka.

Kisha pima. Weka vipande viwili vya shaba vyenye urefu wa sentimita 5, sambamba, vikiachana sentimita 5, uvikandamize juu ya rangi. Mita itasoma takriban omu kwa kila mraba. Unatafuta kati ya megaomu 0.5 na 2, na sehemu zote za kioo zisitofautiane zaidi ya mara mbili. Chini ya kiloomu 50, rangi inakuwa ukuta wa chuma na ishara haipenyi kufika kwenye kanda za shaba zitakazoisoma. Ukinzani ukizidi mno, volteji haisambai sawasawa. Usijaribu kurekebisha kwa kusugua na kitambaa: chembe za grafiti hulala na ukinzani huanguka ghafla katika madoa. Futa upake upya.

Kwenye kona ya grafiti bandika kipande cha utepe wa shaba chenye gundi inayopitisha umeme, sentimita 1 kwa 3, na uulehemu waya wa volteji kubwa juu yake. Funika solda kwa epoksi hadi iwe duara. Ncha yoyote kali itatoa umeme hewani.

Usafi sasa. Sabuni ya vyombo na maji ya bomba, suuza, maji yaliyotoneshwa, kisha alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Upande wa grafiti usiguswe na alkoholi, kwa kuwa inayeyusha vanishi. Vaa glavu zisizo na unga. Piga deki chumba kwanza, funga madirisha, hasa Januari na Februari vumbi jekundu linapojaa kila mahali. Zima taa, ulaze tochi karibu usawa na kioo: kila chembe itang'aa. Ukiona hata mbili tatu katikati, rudia.

Kufunga mshipi

Chukua maikromita na upime mshipi katika sehemu 20 tofauti. Ukitofautiana zaidi ya milimita 0.02, tafuta mwingine. Maandishi ya kwenye kifuniko hayatoshi, kwani mshipi wa "0.30" unaweza kuwa 0.27 au 0.34. Kisichosameheka ni mianya kutolingana ndani ya kigunduzi kimoja. Ikiwa yote sita ni 0.32, unabadilisha volteji tu. Nailoni hunywa unyevu, kwa hiyo ikaushe usiku kucha ndani ya mfuko wenye silika jeli.

Andaa bamba la akriliki la milimita 10 kama kitako. Juu yake weka bodi ya saketi yenye kanda sita za shaba, kila moja upana wa milimita 25, zikiachana milimita 5. Juu ya shaba laza karatasi tatu za plastiki ya PET za mikromita 100 zilizokatwa sentimita 24 kwa 24, zile zilizotumika zamani kwa projekta, za ukubwa wa A3. Zinatenganisha grafiti yenye kilovolti 7.5 na shaba iliyo kwenye ardhi, na lazima zizidi grafiti kwa sentimita 3 kila upande. Kisha kioo cha kwanza cha nje, grafiti ikitazama chini.

Pande mbili zinazotazamana za rundo, panga skrubu za nailoni kila sentimita 4.5. Funga mshipi kwenye skrubu ya kwanza, uvute juu ya kioo hadi ng'ambo, uzungushe, urudi, hadi mistari mitano ienee. Laza kioo cha pili, uendelee na mshipi huohuo juu yake, mstari juu ya mstari. Ikipishana, vioo hupinda na mianya inaharibika. Vuta kwa nguvu ileile kila mara, bila kurefusha mshipi, kwa sababu ukirefuka unakonda. Mafundo yote yabaki nje ya vioo. Mistari hii inaziba chini ya asilimia 1 ya eneo, hivyo ufanisi hauathiriki.

Baada ya kioo cha saba rudia PET, bodi ya kanda na bamba la juu, kisha kaza boliti za nailoni kwa zamu, kona kwa kona. Kaza kiasi cha kuzuia kucheza tu. Volteji ikishafika kilovolti 15, uga wenyewe huvuta vioo vya nje kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo moja, na hilo linasaidia.

Kisanduku na gesi

Gundisha kisanduku cha akriliki chenye nafasi ya sentimita 3 kuzunguka rundo. Nje kizungushie karatasi ya alumini bila kuacha ufa, iunganishwe na ardhi mahali pamoja tu. Mawimbi ya redio za FM, megahezi 88 hadi 108, ni makali mjini, na kanda ndefu za shaba ni antena nzuri kwao.

R134a ni nzito mara tatu na nusu kuliko hewa. Ingiza gesi chini na uitoe juu, isukume hewa kama maji yanavyojaza ndoo. Mara tatu za ujazo wa kisanduku zinatosha kwa kuanzia. Mirija ya silikoni usiitumie, inapitisha unyevu. Tumia polithini, nailoni au shaba ya mafundi wa friji. Unyevu una madhara makubwa: R134a inapovunjwa na umeme hutoa asidi ya hidrojeni floridi, nayo pamoja na maji hula uso wa kioo, na mkondo wa kuvuja hupanda mwezi hadi mwezi.

Gesi inayotoka ipite kwenye chupa ya mafuta ya pampu, mrija ukizama sentimita 1, na kabla yake uweke chupa tupu ili mafuta yasirudi kisandukuni. Kupima mtiririko, geuza silinda ya kipimo iliyojaa maji, uelekeze mapovu ndani, na uhesabu sekunde za kujaza mililita 10.

Mtiririko uwe mdogo. Kwa mililita 10 kwa dakika unatumia gramu 50 hivi kwa siku, na kwa kuwa R134a hupasha dunia mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi, hiyo ni sawa na kilo 71 za kaboni dioksidi kila siku kutoka kigunduzi kimoja cha mezani. Ziba mianya ya kisanduku vizuri na ushuke hadi mililita 3. Kupima uvujaji, funga kiingilio na utazame mafuta kwenye mrija wa U uliounganishwa na kisanduku kwa dakika 10. Usisubiri zaidi: badiliko la nyuzi moja tu hupeleka mafuta karibu sentimita 3, na utadhani kuna tundu.

R134a pekee inafanya kazi. Ukiongeza asilimia 5 ya R600a, yaani isobutani ya friji za nyumbani, mwanga wa cheche humezwa na kigunduzi hutulia zaidi. Kwa kiasi hicho mchanganyiko hauwaki, lakini mtungi wa R600a wenyewe unawaka, kwa hiyo ukae nje. Hata R134a isikaribie jiko wala sigara: motoni hutoa gesi yenye sumu. Gesi ya SF6 inayotumiwa na maabara kubwa tunaiacha. Hupasha dunia zaidi ya mara elfu ishirini kuliko kaboni dioksidi, na kwa muoni za angani hatuihitaji.

Volteji na kuamsha kigunduzi

Tumia moduli mbili ndogo za DC zenye ingizo la volti 0 hadi 5 na tokeo la hadi kilovolti 10, moja chanya na moja hasi. Hivyo kila waya unabeba kilovolti 7.5 tu. Katika kila waya weka megaomu 10 kwa kuunganisha rezista 20 za kiloomu 500 mfululizo ndani ya mrija uliojazwa epoksi. Rezista moja ndogo ya kawaida haihimili zaidi ya volti mia chache.

Ili kusoma mkondo, weka kiloomu 100 kati ya mguu wa kurudi wa moduli hasi na ardhi, na diodi mbili zilizogeuziana za kuilinda mita. Milivolti 1 ni nanoampea 10. Kifimbo cha kupimia volteji kubwa kiondoe kabla ya kusoma mkondo, kwa kuwa chenyewe hunywa mikroampea kadhaa.

Panda kwa volti 500 kila upande hadi ±5 kV, ukikaa dakika 10 kila hatua. Baada ya hapo volti 200, nusu saa kila hatua. Mkondo utaruka kisha utulie. Usipotulia, rudi hatua moja na uache usiku. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na anayeiharakisha huchoma alama za kudumu kwenye vioo. Kikitulia, kigunduzi cha ukubwa huu kinapaswa kuvuta nanoampea chache tu.

Mchoro wa mkondo dhidi ya volteji unasema mengi. Mstari ulionyooka kuanzia sifuri ni uvujaji wa juu ya uso: unyevu, alama za vidole, au PET fupi. Mkondo unaopanda ghafla baada ya kilovolti 13 au 14 ni kuongezeka kwa elektroni katika gesi, jambo la kawaida. Unaorukaruka bila mpangilio ni vumbi au kingo mbaya. Ukiwa mzuri asubuhi na mbaya alasiri, tazama jotoridi kabla ya kulaumu kingine.

Umeme ukikatika na kurudi, volteji isirudi yenyewe. Weka rilei inayodai kubonyezwa. Kabla ya kufungua kisanduku zima, subiri dakika 10, kisha gusisha pande zote mbili na ardhi kwa fimbo yenye rezista. Nishati iliyobaki ni ndogo, lakini mshtuko wake unatosha kukuangusha kwenye vioo.

Ishara na saa

Ukinzani wa kanda usiukokotoe, upime. Tuma mapigo ya umeme upande mmoja, weka potenshiomita upande wa pili, na uizungushe huku ukitazama osiloskopu hadi mwangwi upotee. Ng'oa potenshiomita, ipime: hiyo ndiyo rezista ya kumalizia.

Ukanda wa juu na wa chini hutoa ishara sawa zenye alama kinyume. Ziunganishe kwa transfoma ndogo ya feriti yenye uwiano wa 1:1, upate ishara maradufu huku kelele za redio zikifutana. Inayotoka ni milivolti chache tu. Amplifaya ya desibeli 30 inaifikisha makumi ya milivolti, kisha inakuja kazi ya kilinganishi. Kilinganishi cha ADCMP573 huchelewa pikosekunde 150 tu na hutofautiana kidogo sana kati ya ishara ndogo na kubwa. Matokeo yake yako katika ngazi za volteji za PECL, kwa hiyo panahitajika kibadilishi cha ngazi kabla ya saa, inayotumia ngazi za CMOS. Vilinganishi vya kawaida vya nanosekunde kadhaa hubeba ishara vizuri lakini huvuruga wakati wake.

Kizingiti kiwe chini kadiri kelele inavyoruhusu. Zima volteji kubwa, ushushe kizingiti hadi kilinganishi kianze kuhesabu kelele, kisha upandishe kidogo tu. Kama kelele ni milivolti 2 na ishara hupanda milivolti 60 kwa nanosekunde, mtikisiko wa wakati ni pikosekunde 33. Ukipandisha kizingiti hadi karibu na kilele, mteremko unapungua na mtikisiko unaongezeka mara kadhaa.

Kwa saa, chipu ya TDC7200 ina hatua ya pikosekunde 55. Haipimi chini ya nanosekunde 12, kwa hiyo chelewesha STOP, ishara inayosimamisha saa, kwa mita 4 za RG-58, ambazo ni nanosekunde 20. Unahitaji chipu moja kwa ukingo wa kupanda na nyingine kwa wa kushuka katika kila ncha ya ukanda. Mwenye ujuzi wa FPGA, yaani chipu ambayo mtumiaji huipanga mwenyewe, anaweza kuunda saa zote ndani ya chipu moja. Anza na ukanda mmoja wa katikati, usome ncha zote mbili. Kabla ya kutumia muoni, gawanya mapigo ya jenereta mara mbili, tawi moja likiwa na mita moja ya waya zaidi: tofauti lazima iwe nanosekunde 5 hivi, na mtawanyiko wake ndio mchango wa elektroniki zako.

Kupima ufanisi na usahihi

Vigunduzi vitatu vinavyofanana, kimoja juu ya kingine kwa sentimita 10, vinajipima vyenyewe. Muoni ni karibu moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, kwa hiyo eneo lote la sentimita 18 kwa 18 hupitiwa na tano hivi kwa sekunde. Kwa ukanda mmoja tarajia chache zaidi na uache kifaa kifanye kazi usiku.

Ufanisi wa kigunduzi cha kati ni idadi ya mara vyote vitatu vilipoona, ikigawanywa kwa mara cha juu na cha chini vilipoona. Matukio 1,000 kwa kila hatua ya volteji yanatoa hitilafu ya asilimia 0.7 ufanisi ukiwa 95. Panda kwa volti 200 hadi mchoro ulale, kisha ongeza 200 tu. Ukiendelea kupanda, ufanisi haubadiliki lakini ishara kubwa za cheche zinaongezeka na mkondo pia.

Wakati wa kila kigunduzi ni wastani wa ncha mbili, (tA + tB) ÷ 2, kwa kuwa wastani huo hautegemei muoni ilipita wapi kwenye ukanda. Tofauti ya tA na tB inakupa mahali penyewe. Itumie kuchuja: kubali muoni tu ambazo mahali pake katika vigunduzi viwili hapatofautiani zaidi ya sentimita 3. Bila kichujio hiki muoni za mshazari husafiri njia ndefu zaidi, na utapima jiometria ya meza yako ukidhani ni kasoro ya kigunduzi. Kwa kichujio hicho njia hutofautiana kwa milimita 7 hivi, yaani pikosekunde 25.

Linalofuata ni kosa la ukubwa wa ishara: kubwa huvuka kizingiti mapema, ndogo huchelewa. Upana wa tokeo la kilinganishi, kati ya ukingo wa kupanda na wa kushuka, huonyesha ukubwa huo. Chora wakati dhidi ya upana, ulinganishe na polinomia ya daraja la tatu, uitoe. Hapa ndipo usahihi huboreka kuliko hatua nyingine yoyote ya uchambuzi, kwa hiyo usiridhike na namba ya kabla yake.

Ukiwa na mitawanyiko ya tofauti za wakati kwa jozi tatu za vigunduzi, σ₁₂, σ₁₃ na σ₂₃, cha kwanza pekee ni:

σ₁² = (σ₁₂² + σ₁₃² − σ₂₃²) ÷ 2

Toa mraba wa mchango wa elektroniki, ubaki na wa vioo na gesi. Mradi wa EEE umeripoti takriban pikosekunde 240 kwa vigunduzi vyake vikubwa vikiwa kazini shuleni. Kidogo kama hiki, chenye saa nzuri, kinaweza kwenda chini ya hapo. Mchoro wenye mkia mrefu upande wa kuchelewa mara nyingi ni kizingiti kilicho juu au volteji iliyo chini. Wenye vilele viwili ni mwangwi, na kwanza tafuta kipande cha RG-59 kilichoingia kati ya waya zako. Mpana kwa ujumla, ukiwa na elektroniki zilizopimwa na kuthibitishwa, unatoka kwenye mianya: fungua rundo na upime mshipi tena.